Jua la Garissa na Ubao Mbichi

(Mazungumzo ya mwanachama wa karakana ya reli mbele ya wafanyakazi mjini Garissa)

Katibu aliniomba nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa mfanyakazi na watu wa nyumbani mwake. Mimi ni mtu wa reli, nami najua kwamba reli kwetu Garissa haijafika. Ile ya kutoka Lamu kupitia hapa kwenda Isiolo, katika mpango wa LAPSSET uliozinduliwa mwaka 2012, bado iko kwenye karatasi. Kwa hiyo sikuja na khabari za injini. Nimekuja na khabari za mbao, maana karakana imenizoeza mbao na vyuma pamoja, na kila nirudipo nyumbani kwa livu naona fedha za wafanyakazi zikipasuka juani.

Nasema zikipasuka, wala sifumbi. Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja, alinunua mbao nne nene za mwarobaini ili atengeneze meza ya watoto kusomea. Alilipa karibu nusu ya mshahara wa mwezi. Aliambiwa zimekauka, naye kwa kutaka kuwa na hakika aliziegemeza ukuta wa nje, upande wa jua, zipate kukauka zaidi. Baada ya wiki tatu ubao mmoja ulikuwa umepasuka tangu kichwani hadi katikati, mbili zimepinda kama mtumbwi, na wa nne una nyufa ambazo ungeweza kutumbukiza shilingi. Alipokwenda kwa muuzaji alijibiwa kwamba mbao zilitoka hapa zikiwa nzima. Na kweli zilitoka nzima. Mbao zile zilipikia chai, na watoto wanasomea chini mpaka leo.

Wengi wetu hudhani kwamba mji kama huu, wenye joto la kuyeyusha mshumaa, ndio mahali bora pa kukaushia mbao. Ndugu zangu, mambo ni kinyume. Huko bara kwenye baridi na ukungu fundi hupigana na unyevu. Hapa tunapigana na haraka. Chukua ngozi mbichi ya mbuzi, iwambe juani: upande wa juu unakakamaa asubuhi ile ile, nao wa chini bado una maji. Ubao ni vivyo hivyo. Uso wake wa nje ukikauka hutaka kupungua, lakini nyama ya ndani bado imejaa maji nayo haikubali kupungua. Wa nje unavuta, wa ndani unakataa, na mwisho wa ugomvi huo ni ufa.

Yafaa mjue pia maji ya ubao ni ya namna mbili. Yako yaliyo ndani ya vitundu vya mti, kama maji katika mrija. Hayo hutoka kwanza, na umbo la ubao halibadiliki. Yakisha hayo, maji yakiwa yamebaki kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, ndipo yaanzapo kutoka yale yaliyonywewa na nyuzi zenyewe. Hapo ubao huanza kupungua. Kwa urefu haupungui karibu kabisa, lakini kwa upana hupungua, na kule kuzifuata pete za mti hupungua karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo sababu ubao hupinda hata usipouonea.

Sasa nieleze ninazozisema ni mbao gani. Nina maana zile mbao nene, za inchi moja na nusu au mbili, zilizopasuliwa kwa urefu wa gogo, na pembeni bado zina gome. Tuziite mbao za gogo. Kwa mtu anayeanza useremala zina faida kubwa: hahitaji kuunganisha mbao tano kwa gundi ili apate uso wa meza au kikalio cha benchi. Ubao mmoja watosha. Randa moja, msumeno, patasi mbili, na keekee ya kutobolea matundu ya miguu, basi benchi ya futi nne imepatikana.

Mti upi? Hapa kwetu nitautaja kwanza ule tunaouchukia sote, yaani mathenge. Najua wengine wenu mmeguna. Mti huu uliletwa Kenya kwa nia njema: ulipandwa kwenye machimbo ya Bamburi mwaka 1973, kisha miaka ya 1980 ukapandwa Baringo na pande hizi za Tana, Bura na Hola, uwe kuni na kinga ya mchanga. Ukageuka kuwa mvamizi. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani kwa ajili yake, na mbuzi aliyeng’oka meno kwa kula maganda yake akaletwa kuwa ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu baya. Hayo yote ni kweli, na mfugaji aliyefungiwa njia ya mtoni kwa miiba hahitaji kuelezwa na mimi.

Lakini mbao zake ni kitu kingine. Kiini chake ni chekundu cha hudhurungi, kigumu, kizito, na kikipata mwanga huzidi kukolea rangi. Na zaidi ya hayo, miti ya jamii hii hupungua kidogo sana ikikauka, na hupungua karibu sawasawa pande zote. Ndugu zake huko Texas, Marekani, hufanywa sakafu na meza za thamani kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunauchoma makaa, kisha tunapanda basi kwenda Thika kununua kiti cha mbao laini. Sisemi mkaa usichomwe, maana watu hula kwa mkaa. Nasema gogo moja nene, lililonyoka futi nne tu, lisiingie tanuru kabla seremala hajaliona.

Shida zake nazo nizitaje. Mara nyingi umekua kichaka, umepinda, kwa hiyo usitafute ubao wa futi nane. Tafuta wa futi tatu au nne. Ile nyama nyeupe ya nje, karibu na gome, huliwa na wadudu. Ukiona unga mweupe chini ya ubao wako ujue wamekwisha ingia. Toa gome na uchonge nyeupe. Mwiba wake ukiingia mguuni hutunga usaha, basi asiende mtu na ndara. Na mkimaliza kukata, kisiki sharti kichimbwe chini ya ardhi. Kukata peke yake kwamfurahisha mathenge, huchipua mara nne.

Mwarobaini ndio mti wa mitaani mwetu, na upepo ukiuangusha hupati shida ya kibali cha moyo kuununua. Ni jamaa ya mkangazi, una harufu, na mbao zake zafaa. Ila nyuzi zake hupishana, kwa hiyo hupotoka zaidi ya mathenge na wahitaji uzito mkubwa juu yake ukikauka. Vumbi la miti hii miwili huwasha pua na koo, funga kitambaa unapopiga msasa. Mwembe mzee wa mashamba ya mtoni ni mwepisi na randa hupita kama katika siagi, mti mzuri kwa mtu anayejifunza, lakini hauwezi kungoja: ukilaza gogo lake wiki kadhaa huingia madoa ya buluu na wadudu. Upasue upesi. Kutoka Ukambani, pande za Mwingi na Kitui, huja mukau, ndugu wa mwarobaini, mchwa hauupendi; ukiupata kwa bei ya haki usiuache. Miti ya asili ya ukingo wa mto, na migunga ambayo ni kivuli na chakula cha mifugo yetu, tuiache isimame.

Kuna ndugu aliniuliza nje, kabla ya mkutano, kama mataruma ya zamani ya reli hayawezi kufanya meza. Namjibu hapa ili wote msikie. Kwanza ni mali ya shirika. Pili, taruma la mti limeloweshwa kriosoti, dawa nyeusi ya kuzuia kuoza, nayo ni sumu. Usilile chakula juu yake wala usilichome jikoni.

Tuje kwenye kununua. Hapo ndipo mfanyakazi huumizwa, kwa kuwa muuzaji ana futi kamba na mnunuzi ana macho tu. Chukua futi yako mwenyewe. Ubao wa gogo hauna upana mmoja, basi pima mahali patatu: kichwa, katikati, na mkia, na upime ndani ya gome. Jumlisha, gawa kwa tatu. Kisha zidisha urefu kwa futi, mara upana kwa inchi, mara unene kwa inchi, ugawe kwa 12. Hiyo ndiyo hesabu ya futi za ubao. Mathalan ubao wa futi 5, wenye upana wa inchi 10, 12 na 14, na unene wa inchi 2. Upana wa kati ni 12. Tano mara 12 mara 2 ni 120. Gawa kwa 12, unapata futi 10 za ubao. Muuzaji akipima ule upande mpana peke yake, pamoja na gome, atasema inchi 15, na hesabu yake itakuwa futi 12 na nusu. Umelipia futi mbili na nusu za hewa na magome. Hesabu hii ni ya shule ya msingi tu, tulifundishwa misheni kwa chaki na fimbo, wala haihitaji cheti.

Usiulize, “Zimekauka?” Hakuna muuzaji atakayejibu hapana. Uliza mti uliangushwa lini, na ukapasuliwa lini, na wapi. Mtu mwenye majibu matatu yanayokubaliana ni mtu wa kununua kwake. Kisha tazama vichwa vya ubao. Vikiwa na nyufa ndogo ndogo, toa urefu wa nyufa hizo katika hesabu, usizilipie. Tazama kama ile nukta ya katikati ya mti, moyo wenyewe, iko ndani ya ubao. Ikiwemo, ubao huo utapasuka hapo hata ukiulaza katika hariri. Ununue kwa bei ya vipande viwili vyembamba, au uuache. Kama unampasulisha mtu mwenye msumeno wa injini, mwambie apitishe mnyororo katikati kabisa ya moyo, au auache katika ubao mmoja ambao ninyi nyote mwajua ni wa kupasua tena. Ukitaka benchi ya unene wa inchi moja na nusu, pasulisha inchi mbili. Nusu ile italiwa na kupungua na randa.

Na hati. Mbao zikipita barabarani hutakiwa kibali cha Huduma ya Misitu, KFS. Muuzaji akisema hakihitajiki, mwambie basi azilete yeye mpaka mlangoni pako. Ukikamatwa kizuizini na mbao zisizo na karatasi, fedha imekwenda na mbao zimekwenda.

Sasa kukausha, ambako ndiko nilikotaka kufika. Kazi ya kwanza hufanywa siku ile ile mti unapopasuliwa, si kesho. Paka vichwa vyote viwili vya ubao rangi nzito ya mafuta, au nta ya mishumaa iliyoyeyushwa, au lami. Rangi yoyote kuukuu iliyobaki koponi yafaa. Sababu ni kwamba maji hukimbia vichwani, ambako mirija ya mti imekatwa wazi, upesi mara kumi na zaidi kuliko usoni. Huko ndiko nyufa zote huzaliwa. Nimeona watu wakipaka baada ya wiki, ufa umekwisha onekana. Huko ni kufunga mlango ng’ombe ametoka.

Pili, mahali. Msitegemee kivuli cha ukuta. Garissa iko karibu kabisa na ikweta, na jua letu huhama: mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, Disemba liko kusini. Ukuta uliokupa kivuli wakati wa kulaza mbao ndio utakaoziweka juani miezi sita baadaye. Jengeni kibanda cha mabati kuukuu au makuti, kilichozidi mbao futi mbili kila upande, kiwe juu kiasi cha kupitisha hewa. Ardhini wekeni matofali au mawe, mbao zikae futi moja na nusu juu, na mizunguko ya matofali ipakwe oili chafu kwa ajili ya mchwa. Mwaka 2023, mwezi wa Novemba, mto ulitufundisha mahali pa kutoweka kitu. Kibanda kisijengwe bondeni.

Tatu, kupanga. Kati ya ubao na ubao pitisheni fito za inchi moja, kavu, zilizo sawa unene, moja kila futi mbili, na moja kila kichwani. Fito za safu ya juu zikae sawasawa juu ya fito za chini, kama mataruma yasimamavyo juu ya nguzo za daraja, ili uzito ushuke moja kwa moja mpaka kwenye matofali. Fito zikipishana, mbao zitapinda kati yake, nazo zikisha kukaukia katika hali hiyo hakuna randa ya kuzinyosha. Juu kabisa wekeni mawe mazito, msione haya kuyaongeza.

Nne, na hili hamtalikuta katika vitabu vya nchi za baridi: kwa wiki nne au tano za kwanza zungusheni rundo kwa magunia. Upepo wa kusi wa Juni na Julai ukipita bila kizuizi huzinyonya mbao kama homa. Magunia yaacheni wazi kidogo chini na juu, hewa itembee pole pole. Baadaye yaondoeni upande mmoja, kisha wa pili. Wakati wa mvua, Aprili na tena Novemba, hakikisheni tu maji hayarukii ndani. Unyevu wa hewa ya mvua haudhuru, tena huupumzisha ubao.

Muda gani? Wazee wa useremala husema inchi moja mwaka mmoja, lakini kauli hiyo ni ya Ulaya. Hapa, chini ya kivuli, ubao wa inchi moja waweza kuwa tayari kwa miezi mitatu au minne, na wa inchi mbili miezi minane hadi mwaka, kwa kadiri ya mti. Lakini msiamini kalenda, aminini mizani. Chagueni ubao mmoja ulio wa wastani, mwandike namba, na kila mwisho wa mwezi, siku ya mshahara ili msisahau, mwupime kwa mizani ya duka na kuandika uzito ubavuni mwake kwa penseli. Utapungua, utapungua, kisha utasimama. Miezi miwili ikipita bila uzito kushuka, ubao umetulia.

Mwenye kutaka hakika zaidi akate kipande chembamba, si kichwani bali futi moja ndani, akipime papo hapo kwa mizani ndogo. Akikaushe katika sufuria yenye mchanga juu ya moto mdogo, bila kukiunguza, akipime tena na tena mpaka kisipungue. Tuseme kilikuwa gramu 260, kikaishia 200. Maji yaliyotoka ni 60. Gawa kwa 200, ni asilimia 30. Ubao huo bado mbichi. Kingine kikiwa 222 kikaishia 200, hiyo ni asilimia 11, na kwa hewa ya hapa ndipo panapotakiwa, kumi hadi kumi na mbili. Nanyi mnaofanya kazi Mombasa angalieni: ubao uliokauka vizuri pwani, kwenye hewa yenye unyevunyevu, ukifika hapa hupungua tena. Ulazeni chini ya kivuli cha hapa miezi miwili kabla ya kuugusa kwa randa.

Jambo dogo kwa mtengeneza benchi: miguu iwe mikavu kuliko kikalio. Ilaze karibu na jiko wiki mbili kabla ya kuipigilia. Kikalio kikimalizia kupungua kitaibana, na benchi haitacheza hata bila msumari.

La mwisho ni fedha. Gogo zima ni ghali kwa mtu mmoja, na rundo la mbao mbili halikauki vizuri, maana halina uzito. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nimekubaliana na kamati kwamba tuanze rundo moja la pamoja nyuma ya ofisi, kwa mathenge yanayosafishwa huko njia ya mtoni, ambayo mwenye shamba anataka yaondoke. Kila mchangaji atapata ubao wake wenye namba yake, na daftari la uzito litakaa kwa katibu. Masharti ni mawili. Hakuna atakayechukua ubao kabla daftari halijaonyesha miezi miwili ya uzito uleule, hata akiwa na arusi. Na ubao wa kwanza utakaokuwa tayari utafanywa meza ya watoto wa yule mwenzetu; wachangaji wamekwisha kubali.

Gogo litapasuliwa Jumamosi asubuhi, saa moja, kabla jua halijapanda. Njooni na viatu vilivyofunika mguu, na mwenye kopo la rangi kuukuu nyumbani alilete, ya rangi yoyote. Wenye fito kavu za inchi moja wamwone katibu leo kabla ya kuondoka. Kama kuna maswali nipo tayari kuyajibu.